Tamko Nililomwandikia Rehema

Siku yenu ya kwanza kituoni mtapewa daftari, kalamu na mtu. Daftari mtalijaza au mtalipoteza, kalamu itaazimwa isirudi, lakini yule mtu mtakuwa naye miezi mitatu mizima. Anaitwa mlezi. Kazi hiyo nimeifanya hapa Tunduma mpaka magoti yalipoanza kukataa ngazi, na meneja akaniuliza kwa adabu kama ningependa kupumzika. Nimepumzika. Sasa ananiomba niwaandikie ninyi wa kundi jipya maneno machache ya kuwatia moyo.

Maneno ya kutia moyo yamebandikwa mengi ukutani, mtayasoma mkisubiri chai. Mimi nitawaeleza kosa.

Kituo chenu kiko juu ya duka la vipuri vya malori. Kazi yake ni kuzipokea biashara ambazo hazijasimama: nyingine bado ni wazo, nyingine zina wateja watatu na wawili kati yao ni shangazi. Kwa miezi mitatu zinapewa fedha kidogo za kuanzia, watu wa kuuliza, na mlango wa kuingilia kwa wenye fedha kubwa. Kwenye bango wameandika kwamba kituo kinaharakisha biashara changa. Mara ya kwanza kulisoma bango hilo nilicheka peke yangu barabarani. Dirisha la kituo linatazama foleni ya malori iliyolala tangu juzi, madereva wamevua viatu, mmoja ananyoa ndevu kwenye kioo cha pembeni, na juu yao neno kuharakisha limeandikwa kwa herufi kubwa za buluu.

Kabla ya hapo nilikuwa wakala wa forodha. Nilikuwa namtengenezea mwenye mzigo makaratasi, yaani tamko la mzigo, ili lori lake livuke kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Aliyenifundisha ni Mzee Silwimba, Mnamwanga mfupi mwenye koti moja na sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku ya kwanza alinikuta nimesimama naangalia lori la mteja, nahesabu matairi.

"Unatafuta nini huko, binti?"

"Nauangalia mzigo, mzee."

"Mzigo waachie wapagazi. Mzigo wako wewe ni karatasi."

Akanifundisha kwamba kila kitu duniani kina fungu lake kwenye kitabu cha ushuru, na vitu vingi vina mafungu mawili. Kiti cha plastiki chenye miguu ya chuma, ni plastiki au ni chuma? Wakala mzuri hasemi uongo. Anachagua, kati ya kweli mbili, ile inayovuka upesi. Na kuna fungu moja alilonionya nisiliguse kamwe: la mwisho, linaloitwa "mengineyo". Mzigo ukiandikwa hapo, ofisa anaingiwa na shaka, turubai linafunguliwa, na siku tatu zinakwisha watu wakipanga maboksi juani. Miaka yangu yote ya forodha sikuwahi kumpeleka mteja kwenye mengineyo. Nilijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Basi kituo kilipofunguliwa, meneja wake, kijana wa Moshi aitwaye Kelvin, alikuwa na walezi wengi wa kwenye skrini, watu wa Dar es Salaam wenye akili nyingi na mtandao usiokatika. Lakini alihitaji na wa hapa. Mmoja wa skrini alikuwa amemuuliza kijana wa Igamba anayeuza parachichi, "Wateja wako wanapatikana mtandao gani?" Kijana akafikiri sana, akajibu, "Wanapatikana siku ya mnada." Kelvin aliponisimulia alikuwa anacheka na kuhuzunika kwa pamoja. Akaniambia, "Mama Furaha, njoo utusaidie. Wewe unajua mji huu unavyofanya biashara."

Nilikuwa naujua. Ila sikujua kwamba nilikuwa naujua kwa upande wa karatasi.

Nikae hapo kidogo, maana kuna jambo la kuwasaidia kabla sijafika kwa Rehema. Mkipewa mlezi, msimuulize amefanikiwa nini. Atawaeleza, na jioni itaingia. Muulizeni ni biashara gani aliyowahi kuiua, yake au ya mwenzake, na aliiuaje. Akisema hajawahi, mshukuruni, kisha ombeni mwingine. Na fedha nayo iulizeni jina lake. Kuna ruzuku: hiyo hairudishwi, lakini ina masharti, na masharti yana macho. Kuna mkopo, huo mnaujua. Kuna ya hisa: mtu anakupa fedha na kuanzia siku hiyo kipande cha biashara ni chake, hata ukiamka huna hamu ya kumwona. Hakuna iliyo mbaya kwa asili. Ubaya ni kuipokea moja ukidhani ni nyingine.

Sasa Rehema.

Alikuja kwenye usaili akiwa na daftari la shule na mfuko wa ovaroli zilizopigwa pasi. Wenzake walileta picha za kwenye kompyuta. Yeye alitoa ovaroli moja akaitandika mezani mbele yetu, mbele ya vikombe vya chai, akasema, "Hii jana ilikuwa nyeusi."

Baba yake alikuja Tunduma kutoka Singida kama fundi wa tairi, akaoa, akabaki, akafariki. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa akifua nguo za majirani huko Chapwa. Rehema ndiye aliyeitazama foleni akaona kitu ambacho sisi sote tulikipita kila siku bila kukiona: mamia ya wanaume waliokaa siku nyingi barabarani wakiwa na nguo chafu, na hawawezi kuliacha lori kwenda kutafuta mfuaji. Akaanza kuzifuata nguo kwenye lori. Mama yake na majirani wawili wanafua. Yeye anazirudisha kwa bodaboda. Biashara akaiita Foleni Safi.

Nilikwenda naye Chapwa wiki ile ile. Hilo nalifanya kila mara, na ninyi mkipata mlezi asiyetaka kuja kuwaona mnapofanyia kazi, mwiteni mpaka aje. Barabarani Rehema alitembea kando ya malori kama mtu anayekagua shamba lake. Akasimama kwenye lori la Mzambia mmoja mnene, Ba Mwansa, ambaye madereva wengine wote walimsalimia kwanza.

"Mulishani, ba mayo," akaniamkia mimi kwa Kibemba, yaani hujambo mama, kisha akamgeukia Rehema kwa Kiswahili cha barabarani. "Wewe, soksi yangu moja iko wapi?"

"Ulinipa moja, Ba Mwansa."

"Mimi nina miguu miwili."

"Basi mguu mwingine muulize ulikolala juzi."

Madereva wa malori ya jirani wakacheka, Ba Mwansa akacheka kuliko wote, akatupa fungu la nguo kutoka dirishani. Rehema akalidaka, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, na papo hapo akashona uzi mwekundu kwenye pindo la kila nguo, mafundo mawili. Rangi ni ya lori, mafundo ni ya siku. Ndio ulikuwa usajili wake wote.

"Na ukija kurudisha," nikamuuliza, "lori si litakuwa limesogea?"

"Litakuwa pale kwenye kibanda cha chipsi. Kesho kutwa, saa nne."

"Umejuaje?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza anajuaje mlango wa kwao.

Kesho kutwa yake, saa nne na nusu, lori la Ba Mwansa lilikuwa hatua ishirini mbele ya kibanda cha chipsi. Rehema aliomba radhi kwa zile hatua ishirini.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba sikukosa kuona. Niliona kwa macho yangu, tena nilifurahi. Kisha nikarudi kituoni, nikakaa mbele ya fomu.

Fomu ilitoka kwa mfuko mmoja unaofadhili kituo. Ruzuku ya awamu mbili: ya kwanza ukikubaliwa, ya pili baada ya kukaguliwa. Juu kabisa kulikuwa na visanduku vya kuchagua aina ya biashara. Kilimo, afya, nishati, elimu, teknolojia ya usafirishaji. Kufua hakukuwapo. Chini ya vyote, mwishoni, peke yake, kilikaa kisanduku cha mengineyo.

Mkono wangu wenyewe ulikiruka. Vijana, nawaambia kweli, sikufikiri hata kidogo. Mkono uliofanya kazi moja miaka mingi una mawazo yake.

"Mama, sisi tunafua," Rehema akasema alipoona nilipoweka alama.

"Mnafua, ndiyo. Lakini mnafuaje? Mnayafuata malori mahali yalipo. Kujua lori liko wapi ni taarifa. Taarifa ni teknolojia."

"Basi hata nikimkimbiza kuku ni teknolojia."

"Kuku hana fungu," nikamwambia. "Andika."

Akaandika. Nilimsaidia kila sentensi. Beseni halikutajwa. Sabuni haikutajwa. Bi Mwajuma aliingia kama "mtandao wa watoa huduma". Tulisema tutatengeneza programu ya simu itakayoonyesha lori lilipo, dereva ajisajili, abonyeze, nguo zifuatwe. Hakukuwa na neno la uongo. Fomu ilivuka siku ile ile, na Kelvin aliniita mlezi bora wa kundi mbele ya watu, nikapewa fulana.

Programu ilitengenezwa na mtaalamu wa Mbeya, na ilikuwa nzuri, ina rangi. Rehema akaenda nayo kwenye foleni. Dereva wa kwanza akaishika simu, akaisoma polepole.

"Hii inasema mimi nilipo?"

"Ndiyo, ili tukuletee nguo."

"Na bosi wangu akiipata?"

"Bosi wako hana."

"Leo hana," akasema dereva, akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Hilo halikuwa kwenye kichwa changu wala kwenye skrini za Dar es Salaam. Dereva wa masafa ana siri zake. Kuna mahali anapolala na mahali anaposema analala. Kuna abiria aliyempakia na mzigo mdogo wa shemeji. Kumwomba aonyeshe alipo ni kumwomba avue shati mbele ya bosi wake. Nguo zake alikuwa anampa Rehema kwa sababu Rehema haandiki jina. Anashona uzi.

Lakini awamu ya pili ilitaka madereva waliojisajili. Kelvin hakuwa mtu mbaya, msimwone hivyo. Alikuwa na kituo cha kuendesha, na mfuko ukiondoka, taa zinazimwa. Alimwambia Rehema, "Dada, nipatie waliojisajili tu. Mengine tutayarekebisha mbele ya safari." Rehema akaanza kushinda barabarani na simu. Akagundua kwamba dereva akipewa soda anakubali kujisajili, kisha anaifuta programu kabla soda haijaisha. Kwenye kompyuta ya kituo mstari ulipanda vizuri sana. Mimi mwenyewe niliuonyesha kwa wageni.

Wakati huo hakuna aliyekuwa akishona uzi. Jirani mmoja alijaribu, akachanganya mafundo. Suti ya buluu ya Ba Mwansa, aliyoileta kupigwa pasi kwa ajili ya harusi ya binti yake huko Kasama, ikapakiwa kwenye lori la mtu mwingine, na lori hilo likavuka kwenda Kongo.

Rehema alikuja kuniita tukamwombe radhi pamoja. Ba Mwansa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, ameshika tai peke yake. Hakupandisha sauti.

"Ba mayo," akaniambia mimi, si Rehema, "nguo nitanunua nyingine. Ila mimi nilikuwa nimejiona Jumamosi, nimevaa ile."

Hakumtazama Rehema tena. Na yeye ndiye ambaye madereva wote walimsalimia kwanza. Ndani ya wiki moja madirisha ya malori yalifungwa tulipopita.

Nilikwenda kwa Bi Mwajuma nikidhani nitamfariji. Mabeseni yote yalikuwa yameegemezwa ukutani. Kwenye kamba kulikuwa na khanga moja tu, yake. Wale majirani wawili walikuwa wameanza kubeba nyanya kwenda Nakonde. Akanitengea stuli, akanimiminia chai ya tangawizi, akauliza hali ya magoti yangu. Kisha akasema, bila kinyongo, kama anayenipa habari njema:

"Mama Furaha, mwanangu amekuwa mtu wa maana. Sasa hivi hafui."

Nilimaliza ile chai kwa shida.

Mkaguzi wa mfuko alikuwa anakuja wiki iliyofuata. Mkataba ulisema wazi kwamba biashara ikikutwa siyo ile iliyoandikwa, inaondolewa na mwenyewe haombi tena, wala hapo wala kwenye mifuko mingine rafiki. Na kama isingekutwa, kama mstari ule wa kompyuta ungeaminiwa, Rehema angepewa awamu ya pili ili azidi kuwa kitu asichokuwa, na Foleni Safi ingekwisha kabisa huku imepata fedha. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Yote mawili niliyaandika mimi.

Zamani, nikiwa bado mwanafunzi, niliwahi kuandika mzigo wa vipuri vya trekta kuwa vipuri vya gari. Niligundua lori likiwa tayari limeingia uwanja wa ukaguzi. Nilimkimbilia Mzee Silwimba nikilia. Akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka dirishani kwa ofisa, mbele ya watu wote, niseme mwenyewe.

"Ukisema kabla hawajafungua turubai," aliniambia njiani, "umekosea. Wakishafungua, umedanganya. Tembea upesi."

Siku ya ukaguzi alikuja mama mmoja mtulivu aitwaye Bi Upendo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Ukumbi ulikuwa umejaa. Biashara nyingine mbili zilitangulia kujieleza. Ilipofika zamu ya Foleni Safi, Kelvin akawasha skrini, mstari ukatokea unapanda. Nikasimama kabla Rehema hajafika mbele.

"Kabla hamjaona chochote," nikasema, "nataka kurekebisha tamko. Fomu ya biashara hii niliijaza mimi. Niliiweka pasipo pake. Hawa wanafua nguo. Programu haitumiki, waliojisajili walipewa soda, na kosa si la huyu binti."

Kelvin akazima skrini, akawasha, akazima tena. Ndani nilikuwa mwepesi, nikajiona nimetenda jambo. Nikamgeukia Rehema nikitarajia, sijui, labda machozi.

Alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, "umeniandikia bila kunisikiliza. Leo unanifutia bila kuniuliza. Mimi nilikuja hapa leo nikiwa na maneno yangu."

Akatoa lile daftari la shule kwenye mkoba. Alikuwa ameandika kurasa nne. Yote niliyotoka kuyasema mimi yalikuwemo, na mengine.

"Kaa, Mama Furaha," akasema. Nikakaa.

Bi Upendo akavaa miwani. "Endelea, binti."

"Tunafua," Rehema akaanza. "Mimi, mama yangu, na majirani zetu Mama Zawadi na Mama Tatu. Sasa hivi hatufui, kwa sababu niliacha kazi yangu nikawa najaza namba. Hilo nilikubali mwenyewe, sikulazimishwa. Nilitaka ile fedha. Na suti ya mtu imepotea."

"Kama unafua, kwa nini usikodi fremu kama mafundi nguo?"

"Mteja wangu hawezi kuliacha lori. Akiliacha, anaibiwa mafuta."

"Na unajuaje lori litakuwa wapi, bila hiyo programu?"

Hapo ndipo Rehema alipokuwa Rehema. Alisahau daftari. Akaeleza kwamba asubuhi anatazama malori ya mafuta kwanza, kwa sababu yanakaguliwa kivyake, na yakiwa mengi mbele, mistari mingine inasimama. Kwamba wenzetu wa Zambia wakiwa na sikukuu, foleni inalala upande huu, na hiyo ndiyo siku ya kufua mablanketi. Kwamba lori lenye mzigo wa watu wengi linachelewa kuliko la mtu mmoja. Kwamba Agosti upepo unaleta vumbi saa nane, hivyo nguo zote ziwe zimeanuliwa saa saba, na ovaroli zinaanikwa zimegeuzwa ndani nje. Kwamba grisi haitoki kwa sabuni kabla hujaipaka mafuta ya taa na kuiacha ilegee. Alisema anachohitaji ni tangi la maji, banda la kuanikia lenye paa linalopitisha mwanga, na bodaboda ya pili. Alivitaja kama mtu anayetaja wadogo zake.

Bi Upendo alikuwa ameacha kuandika.

"Na hii programu ni ya nini, basi?"

"Ya fomu yenu," Rehema akasema.

Bi Upendo alimtazama Kelvin, akanitazama mimi, akafunga kompyuta yake taratibu.

Awamu ya pili Rehema hakuipata. Programu ilizimwa. Kwa kuwa tuliyasema kabla ya ukaguzi, mfuko haukumfungia mlango, ila Foleni Safi ilitolewa kwenye kundi lile, na kituo kiliandikiwa barua kali ambayo Kelvin aliisoma amesimama. Mimi nilivuliwa ulezi wa makundi mawili yaliyofuata. Nilipanga viti na kupokea wageni. Ilikuwa haki. Niliporudi kwenye ulezi, nilikuwa naingia na daftari tupu, na wiki ya kwanza namwacha kijana aongee peke yake. Kelvin naye alibadilisha fomu za kituo: visanduku vikaondolewa, ikaachwa nafasi ya kueleza. Yeye na mimi tulianza kusalimiana vizuri mvua zilipoanza.

Rehema alichukua muda zaidi. Habari zake nilizipata barabarani. Nilisikia alimfuata Ba Mwansa kwa safari tatu, mara zote akimsalimia na kupita bila kuomba kitu, na safari ya nne akamletea kitambaa cha buluu alichokinunua kwa kuuza simu. Ba Mwansa alikigeuza, akakinusa, akasema hakifanani na kile. Kisha akaingiza mkono chini ya kiti akamrushia soksi.

"Tuanze na soksi," akasema.

Nasikia alishona uzi kwenye zote mbili.

Miezi mingi baadaye, asubuhi moja yenye baridi ile ya Julai inayotuma watu wote kwenye jua, Rehema alikuja nyumbani kwangu. Alinipa shikamoo mlangoni, nikaitikia nikiwa nimeshikilia fremu, kwa sababu ya magoti na kwa sababu nyingine. Alikuwa na mkataba. Mwenye malori mmoja wa Mbeya, ambaye madereva wake walianza kurudi safarini wakiwa wasafi, aliuliza wanafuliwa wapi, na sasa alitaka kuweka fedha Foleni Safi. Tangi, banda, bodaboda, vyote. Alitaka hisa.

"Umekuja nikusaidie?" nikamuuliza.

"Nimekuja unisikilize. Nitasoma kwa sauti. Nikifika nisipoelewa, nitakuuliza."

Tukakaa barazani. Akasoma. Ulikuwa mkataba mrefu, na kwenye ukurasa wa pili niliona neno moja ambalo mimi ningelibadilisha. Nikafungua mdomo. Alinyanyua kidole bila kuinua macho, akaendelea kusoma, na mistari miwili mbele akarudi mwenyewe kwenye lile neno, akalipigia mstari. Ukurasa wa nne nikafungua tena mdomo, nikaufunga bila kusaidiwa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya Tunduma, na hakuna aliyenipa fulana.

Mwishoni kabisa akasimama kwenye kipengele kimoja.

"Hapa anasema akitaka kuuza hisa zake, anaweza kumuuzia yeyote. Yeyote ni nani?"

"Yeyote ni yeyote," nikamwambia. "Hata mtu usiyemjua. Unaweza kuomba akuulize wewe kwanza."

"Anaweza kukataa?"

"Anaweza. Na wewe unaweza."

Akatazama barabara ambako malori yalikuwa yameanza kuwasha injini moja baada ya jingine. Nilikuwa na mengine saba ya kumweleza kuhusu kipengele hicho. Hakuuliza. Akakunja mkataba, akasema anakwenda kuusoma na mama yake na Mama Zawadi na Mama Tatu, kwa sababu biashara ni yao pia, kisha atamjibu yule mtu wa Mbeya wiki ijayo, au wiki nyingine, wakiwa tayari.

Akaaga. Sikumuuliza atajibu nini.